Koki Waliyoifunga kwa Ajili ya Msiba wa Atupele

Bado sikubali, ndugu zangu. Kila ninapoandika neno "marehemu" mbele ya jina la Atupele, kidole kinalifuta chenyewe.

Kwa msiomfahamu: alikuwa mtafiti wa vimelea vya maji katika maabara moja jijini Mbeya, na mzaliwa wa kijiji chetu, jirani na Igawa. Presha ilimpanda ghafla akiwa kazini. Tumemzika Jumamosi.

Mimi ni katibu wa kamati ya maji ya kijiji. Elimu ya uandishi nilijipatia mwenyewe, na barua zangu zote kwa ofisi husika huanza "Kwa heshima na taadhima".

"Andika, kaka," alikuwa akinitania. "Ila ujue bakteria hawasomi. Wao wanaelewa dawa tu."

Namkumbuka akishuka kwenye basi kutoka Idodi, boksi la barafu begani, akikataa hata kuketi. "Chai nitakunywa nikirudi kutoka maabara. Sampuli zikipata joto wadudu watazaana humuhumu, halafu niwasingizie watu wa Idodi uchafu wasio nao!"

Namkumbuka mkutanoni, akituonyesha picha ya sahani ya maabara iliyojaa madoa ya buluu. Masanja, mfugaji na mtani wake wa miaka yote, akauliza ni mapambo ya nini.

"Ni kinyesi, Masanja. Chetu na cha ng'ombe wako. Kimetoka kwenye kisima kinachojaza tenki letu."

"Ng'ombe wangu wana adabu. Hawaendi kisimani bila kupiga hodi!"

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Atupele naye alicheka, akasubiri tumalize, kisha akaendelea na madoa yake pale alipoishia.

Hatimaye kifaa cha kudondosha dawa kiliwekwa juu ya tenki. Watoto wakapungua kuharisha. Nasi tukaanza vita vya chai.

Naomba nieleweke. Kwetu mgeni huheshimiwa kwa chai, na chai ikinuka dawa mwenyeji ameaibika. Kwa hiyo kila ikikaribia harusi, kipaimara au msiba, mtu hupanda tenki kimyakimya na kufunga koki ya dawa. "Wageni watasema tumewapa chai ya hospitali!"

Atupele aliwafundisha akina mama kuchemsha maji bila mfuniko mpaka harufu iishe. Waliitikia vizuri sana. Kisha wakafunga koki.

Niliiandikia ofisi husika, kwa lugha iliyonyooka, nikiomba koki ile ijengewe kizimba chenye kufuli. Nikajibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Linafanyiwa kazi na nani, ilhali sijaona mtu akitoka jasho?

Sasa nisikilizeni yaliyotokea Jumamosi.

Kabla jeneza halijashushwa, Masanja alijitokeza kwa haki yake ya utani. Alikuwa na kichupa cha Atupele cha kupimia dawa, kimejaa maji ya pipa la msibani. Akatumbukiza kidonge, akatikisa. Kijiji kizima kinajua: dawa ikiwemo, maji hugeuka ya pinki.

Yalibaki meupe.

Akakiinua juu ya jeneza. "Atupele, we! Amka uone maji ya msiba wako! Amka uwagombeze hawa, mimi hawanisikii!"

Watu walicheka, kama achekwavyo mtani. Kisha kicheko kikakatika.

Mama mkubwa wa Atupele, aliyesimamia jiko, alijifunika uso kwa khanga. "Wageni wametoka Mbeya, wametoka Iringa," akasema. "Nilitaka wanywe chai nzuri kwa mwanangu."

Chai ilichemshwa, nakiri. Lakini maji waliyokuwa wakichota watoto kwa vikombe hayakuchemshwa. Na mwakilishi wa ofisi husika, aliyesoma rambirambi na kumwita Atupele "nguzo", alikuwa na maji yake ya chupa mkononi.

Nimechoka, ndugu zangu. Nimeona mnavyoandika "pumzika kwa amani" chini ya picha yake. Ahsanteni. Lakini mwenye ndugu kijijini kwetu ampigie simu leo, amwambie koki isiguswe.

Baada ya maziko nilikwenda tenkini na kufuli niliyoinunua mwenyewe, na mnyororo. Nikamkuta mama mkubwa amefika kabla yangu. "Panda, katibu," akasema. "Ngazi nashika mimi."

Nilifungua koki, nikaizungushia mnyororo. Nilipomkabidhi ufunguo, aliufunga kwenye pindo la khanga yake, mafundo mawili.

Atupele, dada yangu, pokea taarifa hii isiyo na "kwa heshima na taadhima". Leo asubuhi Masanja amepima: pinki. Wageni wa matanga bado wapo, na chai ilinuka dawa kidogo, kwa kuwa mama mkubwa alisahau kuondoa mfuniko.

Wameinywa yote. Lala sasa, Atupele. Lala salama, ufunguo uko kwa mama yako.