Kikopo cha Ugoro cha Bibi Felista

Harufu ya kahawa inayochacha kwenye ndoo bado hunirudisha kijijini Kilema, kwa bibi mzaa mama, likizo ile nilipokuwa na miaka kumi. Nyuma yake huja harufu nyingine, kali, ya ugoro. Bibi aliuweka katika kikopo cha mti alichoachiwa na mama mkwe wake: cheusi kwa kushikwashikwa, kimechongwa mistari kama nywele za kusuka, na kifuniko cha ngozi. Nilikitaka kikopo kile kuliko nguo ya Krismasi.

Lakini hakikuwa cha kushikwa na kila mtu. Binamu yangu Felista, binti wa mjomba, ndiye aliyepewa jina la Bibi, kama ilivyo desturi kwa binti wa kwanza wa mtoto wa kiume. Mimi, mtoto wa binti, nilichukua jina la upande wa baba. Basi kila asubuhi Bibi aliketi kizingitini na kuita, "Somo, kikopo changu!" Felista alikileta kwa mikono miwili, akakigonga kwa kidole ili ugoro ushuke, na Bibi akacheka hata kabla ya kupiga chafya. Mimi nilisimama palepale, mikono mitupu, nikijiuliza kama ningeitwa Felista angecheka hivyo kwa ajili yangu.

Siku moja nilikizamisha kikopo kwenye ndoo ya kahawa iliyomenywa na kulowekwa. Nilipanga Felista akitafute, agombezwe, kisha mimi nikiokote na kusifiwa. Ila watu hawakutoka uani, nami sikupata nafasi ya kukitoa. Kesho yake mjomba alipoosha kahawa, kikopo kiliibuka kimevimba, ufa umepita katikati ya mistari.

"Haya, waziri wa ugoro," mjomba akamwambia Felista, "tueleze."

Felista hakujitetea, kikopo kilikuwa chini ya ulinzi wake. Alikwenda kwenye ua wa mpaka wa shamba, akakata jani refu la mmea wa sale, akalifunga fundo. Kwetu, anayeletewa sale hawezi kukataa kusamehe. Aliponipita alisema, "Mbona unatetemeka wewe? Utadhani ndiwe uliyekipasua."

Bibi alilipokea jani, akakipangusa kikopo kwa kanga, akamwekea Felista mkononi. "Yameisha, somo. Humu ugoro utavuja sasa. Kaa nacho wewe."

Kosa lilikuwa langu, msamaha akapewa yeye, na zawadi juu yake.

Leo Bibi hayupo. Felista ni fundi cherehani mjini Moshi, na kikopo kiko mezani kwake, kimejaa pini. Mimi nina shahada na simu iliyokaa muda mrefu bila kuita. Ilipoita hatimaye kunialika kwenye usaili wa kazi, yeye ndiye aliyenishonea gauni, bure.

"Tulia, msomi, nitakudunga," aliniambia akichomoa pini. Nilikuwa nautazama ule ufa.

Kwenye bahasha ya vyeti vyangu, niliyokuwa nimeikumbatia, kuna jani la sale nililokata Kilema Desemba. Limeshakauka. Maneno nimeyapanga mara nyingi, na najua akilipokea atanisamehe, hana njia nyingine. Hapo ndipo ninapokwama. Jina ni lake, kikopo ni chake, na siku nitakayompa jani hata wema wote utakuwa wake. Niliondoka bila kuifungua bahasha.

Nyumbani nililijaribu gauni mbele ya kioo. Limenikaa vizuri mno. Hata hilo limeniuma.