Jibu Alilopelekewa Lusajo wa Masoko

Naikumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, mvua yetu hii ya Tukuyu isiyojua kukatika, nikiwa nimeketi nyuma ya meza kuchagua watu wa kujitolea. Umeniambia kundi lenu la mtandaoni limekupa kazi hiyohiyo. Basi keti nikusimulie, ingawa habari yenyewe haina utamu.

Ilikuwa miaka ile soko huria limekwisha kukolea. Mashamba ya chai yalikuwa yamepata wenyewe wapya, simu za mkononi zimeanza kuonekana, na mjini kumefunguliwa chumba cha intaneti chenye kompyuta nne. Sisi tuliosomasoma tukaanzisha ukumbi wa mtandaoni wa watu wa Rungwe, walioko nyumbani na waliotawanyika. Barua pepe zikatuzidi. Wenzangu wakaniambia, wewe ni mwalimu, tuchagulie watu wawili wa kuzijibu.

Walikuja sita. Ambakisye, mhitimu wa chuo, alichapa bila kutazama vidole, na Kiingereza kilimtoka kama maji ya mto Kiwira. Tusekile, mama wa Kyimo aliyekuwa mhudumu wa wodi hospitalini Igogwe, alichapa kwa kidole kimoja. Nilimpa barua ya majaribio, badala ya kuijibu akaniuliza, "Mwalimu, huyu aliyeandika ana shida gani hasa? Mbona anazungukazunguka?"

Tukacheka sote mle chumbani. Nikamwambia tutamwita, wala sikumwita. Nikamchukua Ambakisye na rafiki yake. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Mimi niliutazama mlango, tena rangi yake tu.

Miezi ikapita. Siku moja Tusekile akarudi kuuliza kama nafasi imepatikana. Kwa aibu nikampa rundo la barua zilizokwisha kujibiwa, azisome ajifunze. Akasoma polepole, midomo ikimchezacheza. Kwenye moja akasimama.

"Huyu mama yake namjua," akasema. "Bibi Atupele wa kijiji cha Masoko. Nilimuuguza, akanitajia mwanawe huyu aliyepotelea Zambia. Yu hai bado."

Nikaichukua. Ilikuwa Kinyakyusa kilichochanganyika na Kiswahili kibovu: Mimi Lusajo. Niliondoka zamani kwenda migodini Zambia. Lugha imenipotea. Mama yangu yu hai? Kama amekufa niambieni tu, nijue.

Chini yake lilikuwapo jibu la Ambakisye: "Ndugu, ukumbi huu si ofisi ya kutafutia watu. Barua yako haieleweki. Soma kwanza masharti, kisha uandike upya kwa Kiswahili sanifu."

Lusajo hakuandika upya.

Nilimwandikia siku ileile, nikamwomba radhi, nikamwambia mama yake yu hai. Kimya. Nikaandika tena na tena. Mwishowe barua zikaanza kunirudia, anwani haipo. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Nayasema haya kama mtu aliyeinama akajaribu kuyazoa.

Tusekile akaniambia, "Twende tukamweleze mama." Nilitaka kukataa. Lakini tukaenda.

Bibi Atupele alikuwa akimenya ndizi mlangoni pake. Alitusikiliza hadi mwisho, kisu kimetulia mkononi. Nilitarajia atalia, au atanitukana, nami ningepumua. Hakufanya hivyo.

"Mwalimu," akasema, "miaka yote hii nilijua mwanangu amenisahau. Nilikuwa nimekwisha kulizoea hilo. Leo umeniletea jingine: alinikumbuka, akagonga mlango, akafukuzwa. Hili nitalizoea lini?"

Nikatazama maganda ya ndizi miguuni pake.

"Na huyo aliyemjibu, nani alimweka pale?"

"Mimi, mama."

Akanitazama. "Ulimuuliza kama anajua kumkaribisha mtu?"

Kisha akarudi kumenya ndizi. Tusekile akachuchumaa akamsaidia. Mimi nilibaki nimesimama, hakuna aliyenikaribisha kukaa. Mama yule alifariki kabla ya kiangazi kwisha. Tulimwulizia Lusajo kwa madereva wa malori ya Zambia, kwa wachungaji, kwa kila aliyevuka mpaka. Hadi leo sijui kama yu hai, wala kama aliwahi kujua kwamba siku ile alipouliza, mama yake alikuwapo. Ambakisye sikumlaumu sana. Alifanya anachokijua, kosa ni la aliyempa kiti.

Usidhani hapa kuna faraja niliyokufichia, mwanangu. Hakuna. Liko neno tu. Ukichagua watu wa kuwajibu wengi, usiwapime kwa wepesi wa vidole wala ufasaha wa lugha. Wape barua mbaya, ya mtu asiyejua kujieleza, kisha uwatazame. Anayecheka, mshukuru aende zake. Anayekuuliza huyu ana shida gani, mshike hata kama anachapa kwa kidole kimoja. Kuchapa hufundishwa. Na majibu yao uyasome wewe mwenyewe mapema, usingoje mtu wa nje aje kukusomea kosa lako. Anayegonga mara moja akafukuzwa, mara nyingi harudi.

Nenda ukachague. Kyala, Mungu wetu, akupe sikio kabla ya ulimi, awalinde wote watakaogonga mlangoni penu, nawe akuepushe kusimama uani pa mtu kama nilivyosimama mimi.