Vappu kwenye Manyunyu ya Uyole

Mwaka ule nilikuwa mgeni Uyole. Nilitoka Usangu, ambako baba alihamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani nikiwa bado nabebwa mgongoni, nikaja kusomea mifugo. Usangu jua ndilo linalokuamsha. Uyole ukungu ulitufuata mpaka bwenini, na alfajiri tukienda kukamua tuliwasikia ng'ombe kabla ya kuwaona. Wakati mwingine nilihisi natembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Mwalimu wetu wa maziwa alitoka Ufini. Alikuwa mrefu, mkimya, mpaka tukadhani ametukasirikia. Siku chache kabla ya Mei Mosi mkewe aliniita jikoni nimsaidie kukamua malimau. Alichanganya na maji, sukari na hamira kidogo, akamimina kwenye chupa, kila chupa akaitilia zabibu kavu.

"Zikipanda juu, kinywaji tayari," akaniambia kwa Kiswahili chake cha polepole. "Ni cha sikukuu yetu, Vappu."

"Kwetu tunatengeneza cha asali, mama. Tunakiita wanzuki."

"Asali!" Akasimama na limau mkononi. "Bibi yangu pia alitia asali."

Mei Mosi asubuhi tuliandamana na wafanyakazi mjini Mbeya, tukarudi tumelowa. Mchana mimi na wenzangu wawili tukaenda kwa mwalimu. Nilitazamia sebule yenye moto. Tukakuta mablanketi yametandikwa nje kwenye majani, manyunyu yanaanguka, naye, mkewe na Wafini wenzao na watoto wao wameketi wametulia, wakubwa wote wamevaa kofia nyeupe. Kwa mbali, katika ule ukungu, walikuwa kama yangeyange waliotua malishoni.

"Mwalimu, mvua," mwenzangu akasema.

"Naiona. Karibuni mkae." Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu tumjue. "Vappu haiingii ndani. Kwetu hata theluji ikianguka tunakaa nje. Baridi imetufungia miezi mingi, lazima tutoke tuone inavyoondoka."

Tukakaa. Tulipewa vitumbua vya ajabu, vilivyosokotwa kama kiota cha ndege, sukari ya juu ikiyeyuka kwa manyunyu. Kinywaji kilikuwa kitamu, mapovu yake yakinichoma puani. Mwalimu akaanza kuimba kwa sauti nzito, wenzake wakaitikia, na puto jekundu la mtoto mmoja likachoropoka, likapanda taratibu mpaka ukungu ukalimeza. Hakuna aliyelikimbilia. Hata mtoto mwenyewe alitazama tu, mdomo wazi.

Mke wa mwalimu alivua kofia yake akanivika. "Nilipewa nilipomaliza sekondari," akasema. Ilikuwa bado na joto la kichwa chake.

"Mama, mnakumbuka nyumbani?"

"Leo sana. Na wewe?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia juu ya moshi wa samadi jioni, ng'ombe wanaporudi zizini, na mama yangu anavyowaita mmoja mmoja kwa jina. Mke wa mwalimu akavuta ncha ya blanketi akanifunika mabega, tukabaki hivyo tukisikiliza nyimbo ambazo mmoja wetu hakuzielewa.

Usiku ule nililala usingizi mzito, na asubuhi nikatangulia kwenda kukamua.

Waliondoka mkataba wao ulipokwisha. Mimi nilipangiwa kazi Iringa, nikaolewa huko, nikazaa watoto ambao wanaona Usangu kuna joto mno. Mpaka leo Mei Mosi ikinyesha mvua natoa kiti nje, wanangu wananiita ndani, nami nawaambia wanisubiri kidogo.