Mvua ya Kinyozi

Kinyozi wa pale kona alikuwa na kiti kimoja, kioo chenye ufa, na uchu wa kuandika hadithi. Aliyoipenda zaidi ilikuwa ya mwanamke aliyehama nyumba akaondoka na mlango wake. Aliipeleka redioni isomwe hewani; redio ikamrudishia, ikamwambia ni ndefu mno, airekebishe ailete tena mara moja tu, basi. Nafasi hiyo aliitaka kufa na kupona, maana aliandika tangu ujana na hakuna aliyemsikia nje ya mtaa ule.

Kurekebisha kwake kulikuwa hivi. Mteja akishakaa na kupakwa povu, kinyozi humsimulia hadithi nzima huku wembe ukitembea. Mteja akipiga miayo, kipande hicho kiondoke. Tatizo ni kwamba hakuna aliyepiga. Wote walitulia tuli, hasa pale mwanzoni, penye maelezo marefu ya mvua aliyoyapenda kama mwanawe wa kuzaa. Akaona basi, hakuna cha kupunguza.

Siku hiyo akaja shemeji yake, fundi baiskeli, mtu wa maneno mengi. Huyu naye alitulia mpaka akamaliza kunyolewa, akajifuta povu, akasogea karibu na mlango ndipo akasema.

"Shemeji, hivi nani atapiga miayo na wembe uko kooni?"

Kinyozi akauliza kama ina maana watu wanamwogopa.

"Wewe nani akuogope? Wanaogopa mkono wako. Mimi kwenye ile mvua nilikuwa nahesabu nzi."

Yalimchoma. Akazifukia karatasi za hadithi chini ya taulo, akawa hazigusi. Hasira zilipopoa akazitoa, akampa mkewe asome kwa sauti, yeye akae asikilize kama mgeni. Mama watoto alianza vizuri, lakini kufika kwenye mvua sauti ikalala, kama mtu anayesoma maelezo ya chupa ya dawa. Mistari mingine akairuka bila kujijua. Kinyozi alichukua kalamu akaikata mvua yote, akabakiza viatu vya mwanamke vilivyolowa. Sasa hadithi ikaanza na mlango uko kichwani mwa mwanamke.

Tangu hapo akawa ananyoa kwanza, kimya. Akimaliza anaweka wembe kando, anamvua mteja kitambaa, ndipo anasimulia, mlango wa kibanda uko wazi. Wengine waliondoka. Alitazama wameondokea kwenye sehemu gani ya hadithi, akarudi kupunguza papo hapo.

Jioni moja shemeji alipita kuomba kitambaa cha kufutia grisi. Alikuta hadithi iko katikati, akasimama mlangoni, mikono myeusi. Mwanamke alikuwa amefika nyumba mpya, akakuta ukuta mtupu, hakuna hata tundu la kuwekea mlango. Hapo kinyozi akanyamaza, akaanza kufuta kioo taratibu.

"Sasa huo mlango kaupeleka wapi?" shemeji akauliza.

Kinyozi alimpa kitambaa, akavuta droo, akatoa bahasha.

"Utasikia redioni," akasema. "Wakiitaka."