Kitambaa cha Mpiga Besi

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nikishika gita ndio huwa mbaya zaidi. Wenzangu wawili walinijua hivyo. Mpiga ngoma alikuwa akinijibu. Mpiga besi, mkulima kutoka sehemu za Bahati, alinivumilia tu.

Alikuwa na tabia moja. Kila noti aliyoigusa aliiimba, dum, du-du, dum, kwa sauti nzito ya chinichini, wala mwenyewe hakujua anaimba. Kanisani kwao walishazoea. Hotelini tulikopiga jazi wikendi, kelele za sahani zilimfunika. Lakini mwaka jana tulikodi studio mtaa wa Milimani kurekodi albamu yangu ya kwanza, nami nina miaka hamsini na sita. Kilikuwa chumba kimoja, magodoro yamebandikwa ukutani, sote watatu tukipiga kwa pamoja. Sauti yake iliingia kwenye kila maiki.

Mara ya kwanza nilimkanya, ya pili nikabweka. Mwishowe nilitoa kitambaa changu mfukoni, nikakikunja, nikampa akiume. Akakiuma, bana. Siku tatu mtu mzima alipiga besi na kitambaa mdomoni, nami nikasifu kwamba sasa kazi ni safi.

Albamu ilitoka safi kweli. Haikupita muda, akaanguka zizini akikamua ng'ombe. Presha, walisema. Hakuamka.

Baada ya mazishi mkewe alinipigia simu. Alisema yeye na watoto wameisikiliza albamu yote mara mbili wakimtafuta, maana kwenye simu yake waliachiwa picha tu, sauti hakuna.

"Shemeji, huyu alikuwa anaimba hata akinyoa ndevu. Humu ndani anaimba wapi?"

Nilimwambia nitaangalia. Uongo huo. Nilijua hayumo, na aliyemtoa ni mimi.

Nilirudi studio. Fundi wa sauti alishafuta majaribio yote isipokuwa moja, la asubuhi ya kwanza, fupi sana. Akaniwekea. Dum, du-du, dum. Yeye kabisa. Kisha nikajisikia mwenyewe juu yake: "Funga mdomo, bwana! Unaniharibia kazi." Naye akajibu taratibu, "Pole, ndugu yangu." Rekodi inakatika hapo.

Nilimwomba fundi anikate mimi, amwache yeye. Alijaribu mchana mzima, akashindwa. Nilikuwa nimemfokea katikati ya wimbo wake, kwa hivyo ukinitoa mimi unamtoa na yeye. Niliona aibu hata kumwangalia fundi usoni.

Nikaipeleka Bahati hivyo hivyo. Tulikaa sebuleni, chai ikapoa mbele yetu. Mkewe alisikiliza amefumba macho.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Akaomba tena. Nilirudisha mara nne, na mara zote nne nilimfokea.