Kamba Ilipolegea

Mdogo wangu alifia kisimani karibu na Mbumbuni, futi arobaini chini ya ardhi, na aliyekuwa ameshika kamba yake juu alikuwa rafiki yangu. Mimi siku hiyo nilikuwa Sultan Hamud kwa fundi wa chuma, kunoa patasi zetu. Nayaandika haya mwanzoni kwa sababu bila hayo safari yetu ya mlimani itaonekana mchezo wa watu wawili wasio na kazi.

Ukuta wa mchanga ulimwangukia. Kila mtu alisema rafiki yangu hana kosa, nami nilisema hivyo, na mkono wake nilishika kaburini. Lakini hatukuchimba tena pamoja. Mimi nilirudi Kitui kwa mama nikachunga mbuzi. Yeye alimwacha mke wake Makueni, akaenda upande wa Mlima Kenya akawa mpagazi, akiwabebea watalii mizigo. Kisima hakuingia tena, wala kamba ya mtu hakushika.

Mwaka wa tatu alinipigia simu.

"Nataka kuvuka barafu nipande kilele chenyewe," akasema. "Si kile kidogo wanachopigia picha."

"Si uende na hao waongozaji wenu?"

"Nataka wewe. Kamba si unaijua?"

"Barafu mimi nimeiona kwa friji ya duka tu, mzee."

"Basi utaiona ikiwa kubwa. Mimi nitaenda mbele. Wewe utashika."

Nilikubali haraka mno. Nilimwambia mama kwamba naenda kumsaidia rafiki. Ukweli ni kwamba nilitaka kumwona yeye pia akining'inia, aonje. Sikumwambia mtu jambo hilo.

Mama alikuwa akichambua pojo. "Maji ya hapa chini yamewashinda kupata," akasema, "sasa mnayafuata huko juu yakiwa mawe?"

Tulipanda siku tatu. Kichwa kiliniuma, nikatapika uji, na hofu iliniingia kabla hata sijaona barafu yenyewe. Asubuhi ya nne, jua likiwa limeshatoka, tulifika ukingoni. Nilidhani itakuwa nyeupe. Ilikuwa ya kijivu, chafu kama majivu, na ndani ya nyufa zake kulikuwa na rangi ya buluu ambayo sikupenda kuitazama. Pia ilikuwa na sauti. Mchimba kisima huogopa sauti ya udongo kuliko kitu chochote, na pale chini ya miguu yangu palikuwa pakigugumia, kisha pakinyamaza, kisha tena.

Rafiki yangu alinifunga vyuma vyenye meno chini ya viatu, akanipa sururu ndogo ya kukatia ngazi. Kipande cha kwanza tulivuka pamoja, yeye akikata, mimi nikikanyaga alipokanyaga. Tulifika kwenye mawe yaliyotokeza katikati. Hapo akaniketisha nyuma ya jiwe, akanizungushia kamba mgongoni, akaniambia nimpe polepole. Akaenda.

Sasa nieleze jinsi sisi tunavyofanya kazi. Kisimani hatupigi kelele. Ukimwita aliye chini atainua uso, na vumbi litamwingia machoni. Kamba ndiyo husema. Ikivutwa mara moja, simama. Mara mbili, nipandishe. Ikilegea, mtu amefika chini na amesimama kwa miguu yake, basi aliye juu huiweka chini akaketi, maana hana mapumziko mengine. Mimi niliifanya kazi hiyo miaka minane.

Rafiki yangu alipita nyuma ya nundu ya barafu, sikumwona tena. Kamba iliendelea kutoka mikononi mwangu, kidogo kidogo. Mikono ilikufa ganzi. Nilikuwa nikihesabu pumzi zangu nisifikirie zile nyufa.

Kisha kamba ikalegea.

Nikashukuru Mungu. Nikaitoa mgongoni, nikaiweka magotini, nikatia mikono kwapani ipate joto.

Hakuwa amefika. Alikuwa amekutana na ufa mwingine, akageuka kurudi kwangu kutafuta njia, na ndiyo sababu kamba ililegea. Alipogeuka, barafu ilimkatikia.

Kamba ilianza kwenda. Mwanzo ilienda polepole, nami nikaitazama. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: niliitazama. Kisha ikaruka magotini mwangu, nikaiangukia kwa kifua. Ilichoma glavu, ikachoma viganja, ikanikokota hadi miguu yangu ikagonga jiwe. Hapo ikasimama.

Nikangoja ivutwe. Mara moja, mara mbili, vyovyote. Haikuvutwa. Nilijiona nikirudi Makueni kusimama mbele ya mke wake. Nikapiga kelele kwa nguvu zote nilizokuwa nazo.

"Usivute!" sauti ikatoka mbali. "Nimelala ukingoni, miguu iko hewani. Kaza hapo hapo, usivute!"

Nikakaza. Nilimsikia akipiga sururu, akipumzika, akipiga tena. Kila alipopumzika nilidhani amekwisha. Jua lilikuwa juu ya kichwa alipotokea, akitambaa kwa tumbo, uso umechubuka, goti moja limevimba hadi suruali ikambana. Akaegemea jiwe.

"Kamba ilikimbia," akasema.

"Niliiachilia."

"Uliiachilia?"

"Ililegea. Nikadhani umefika."

"Nimefika wapi? Huku kuna chini ya kufika?" Akaanza kucheka, kisha akaacha. "Niambie ukweli. Ni kwa ajili ya mdogo wako?"

Nilitaka kusema hapana upesi. Nikajichunguza kwanza.

"Sikufanya makusudi," nikasema. "Lakini nilikuja nikitaka uogope."

"Nimeogopa."

Barafu iligugumia. Yeye akawa anavuta nyuzi za glavu yangu iliyoungua, bila kuniangalia.

"Siku ile pia ililegea," akasema. "Nikajua amefika. Nikaiweka chini, nikaenda kivulini kunywa maji. Ukuta ulipoanguka sikuwa na kamba mkononi. Niliikimbilia."

"Ulituambia ulikuwa umeishika."

"Niliwaambia."

"Ungeweza kumtoa?"

"Sijui. Hilo ndilo linalonila. Sijui."

Sikumpiga. Sikulia pia. Nilichosikia mwilini ni hofu tu, ileile ya asubuhi, maana tulikuwa wawili kwenye jiwe, na nyumbani kulikuwa ng'ambo ya barafu, na ngazi tulizokata zilikuwa zimeyeyuka.

"Lazima mtu akate upya," akasema. "Goti langu haliwezi. Utatangulia wewe."

"Na kamba?"

"Nitashika mimi. Nikikaa, mikono yangu ni mizima."

Nilitazama ile mikono. Nilifikiri kufungua kamba na kushuka bila kitu. Nilifikiri pia kumwacha pale, na nililifikiri hilo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Mwishoni nilifunga fundo kiunoni, nikalijaribu mara tatu. Yeye akajizungushia kamba mgongoni, akakanyaga jiwe kwa mguu wake mzima.

"Ikilegea?" nikauliza.

"Naivuta kwangu. Siiweki chini."

Nikashuka. Nilikata ngazi ya kwanza, ya pili, nikimtazama yeye badala ya miguu yangu, jambo ambalo halifai kabisa. Ngazi ya tano ilivunjika. Nikaenda kwa tumbo, sururu ikaniponyoka, na mdomo wangu ukajaa barafu hata jina la mama sikuweza kulitaja.

Kamba ikanibana mbavu, ikakaza.

Nilining'inia pale, shavu kwenye barafu, nikilia kwa sauti, jinsi ambavyo sikulia kaburini. Juu yangu nilisikia pumzi zake, nzito, za mtu anayebeba mzigo uliomzidi. Nilipopata pa kuweka miguu, nilinyoosha mkono nikaifikia sururu iliyokuwa imekwama kando yangu, nikaanza kukata ngazi ya sita.