Kutoka a hadi i

Risasi ilimpata mama shavuni tulipokuwa tunakimbia vita kutoka mji wa Baraka kwenda Mboko. Mdogo wangu aliuawa hapo hapo, tukamzika kando ya barabara. Hospitalini Nundu walimshona mama. Jeraha likapona, lakini kovu likauvuta ulimi chini.

Katika ukoo wetu, siku ya kuondoa matanga mama mzazi humwita marehemu kwa jina, kwa sauti ya kufika ziwani, na wanawake wanaitika kwa niaba yake. Ndipo anaachiwa aende. Nani aliwahi kuhakikisha kwamba anaenda? Niliuliza hivyo tangu utotoni, sikujibiwa. Mama lakini alitaka kuita mwenyewe, na jina la mdogo wangu lilikuwa na a na i zikifuatana.

Mimi nilikuwa nimesoma fonetiki, elimu ya matamshi, huko Bukavu. Nikamkalisha jikoni, nikamwonyesha: kwenye a ulimi umelala, kisha unapanda mbele kutafuta i, kama katika “chai”. Wake ulilala, haukupanda. Nikajaribu “ndiyo” ya Kifaransa, “oui”, inayotamkwa “wi”, ambapo taya halifunguki sana na ulimi uko juu tangu mwanzo.

“Oui,” akasema mama, wazi kabisa.

Mama mkubwa, dada yake, akaacha kutwanga sombe, majani ya muhogo. “Eeh! Mudogo wangu amekuwa muzungu!” Mama akacheka akishika shavu. Kisha mama mkubwa akanigeukia: “We mwenye masomo, ile masomo inaponyesha batu, ao inabapima tu?”

Huwezi kuita mtu aliye mbali kwa mdomo nusu.

Siku ilipofika, mama mkubwa alimwambia polepole, “Mudogo wangu, acha mi niite.” Mama akakataa kwa kichwa. Akasimama, akafungua mdomo. Ikatoka a, ndefu, ikakatika. Akarudia. A tena. Wanawake wakatazamana, wakisubiri jina liishe. Mwishowe mama mkubwa akaitika kwa niaba ya marehemu, “Naam, mama,” na wengine wakamfuata, wengine wakilia. Watu wakala, wakakunja mikeka, wakaenda makwao.

Mimi ndiye niliyebaki naye jikoni. Alikuwa akiosha sufuria, mgongo kwangu, akijaribu kwa sauti ya chini: a, a, a. Nilimwambia wameshaitika, mama, imekwisha. Akatikisa kichwa, akaendelea.